Dar hadi Mombasa ni dakika 55 kwa ndege, mbona msafiri hufika jioni?

*Kwa mfanyabiashara wa Bujumbura, bandari hizo mbili ziko karibu sawa angani. Ardhini zimepishana kwa mamia ya kilomita, na tofauti hiyo huingia kwenye bei ya bidhaa.*

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

KATI ya Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, na Uwanja wa Moi, Mombasa, kuna takriban kilomita 317 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya jeti huzimaliza kwa muda usiofika saa moja. Hata hivyo, mfanyabiashara anayefuatilia mzigo katika bandari hizo mbili anaweza kupoteza siku nzima kwa safari hiyo, na akikosa ndege ya kuunganisha, siku ya pili pia.

Kwa wafanyabiashara wa Burundi, nchi isiyo na bahari, suala hili linagusa mfuko moja kwa moja. Karibu kila kitu kinachotoka ng'ambo, kuanzia vitenge na vipuri vya magari hadi ngano na simu, hushuka katika mojawapo ya bandari hizo kabla ya kuanza safari ya kupanda milimani. Kontena linapokwama, gharama za kuhifadhi huongezeka kila siku. Mwenye mzigo hulazimika kuamua haraka: aende mwenyewe au amwachie wakala? Akienda, apande ndege au basi? Na kama anaagiza mzigo mwingine, aupitishe Dar au Mombasa?

Ili kujibu maswali hayo ni lazima kwanza kujua umbali wenyewe ukoje, kwa sababu umbali wa angani, wa barabarani na wa mfukoni ni vitu vitatu tofauti.

Angani zimelingana

Ukipima kwa mstari ulionyooka kutoka Uwanja wa Ndege wa Melchior Ndadaye, Bujumbura, hadi Dar es Salaam, unapata takriban kilomita 1,164. Ukipima hadi Mombasa unapata takriban kilomita 1,144. Yaani kwa ndege anayeruka bila kusimama, Mombasa iko karibu zaidi kwa kilomita zipatazo 20. Wengi katika masoko yetu, waliozoea kuona malori yote yakitokea upande wa Dar, hushangaa wakionyeshwa hesabu hiyo.

Muda wa kuruka nao si mgumu kukadiria. Ndege ya jeti ikiwa juu husafiri kwa mwendo wa kilomita 800 hivi kwa saa. Gawanya umbali kwa 800, kisha ongeza nusu saa ya kupaa, kushuka na kutembea uwanjani. Kwa hesabu hiyo Dar hadi Mombasa ni kama dakika 55, na Bujumbura hadi Dar ni karibu saa mbili. Ndege ya mapangapanga, ambayo hutumika sana katika njia fupi za ukanda huu, huchukua muda mrefu kidogo.

Lakini hesabu hiyo inadhani kuwa ndege inakwenda moja kwa moja, na hapo ndipo mambo yanapoanza kubadilika.

Kupitia Nairobi

Shirika la Ndege la Tanzania, Air Tanzania, limeiweka Bujumbura katika mtandao wake tangu mwaka 2018, kwa hiyo safari ya Dar ina njia inayoeleweka. Anayetaka Mombasa kwa kawaida hupitia Nairobi. Bujumbura hadi Nairobi ni takriban kilomita 875, na Nairobi hadi Mombasa ni 422. Jumla ni kilomita 1,297, zaidi ya umbali halisi kwa kilomita 150 tu. Kinachoumiza zaidi ni kusubiri Nairobi.

Tofauti kubwa iko kati ya Dar na Mombasa zenyewe. Asiyepata ndege ya moja kwa moja huelekezwa Nairobi: kilomita 665 kutoka Dar kwenda bara, kisha 422 kurudi pwani. Jumla ni kilomita 1,087 kwa miji iliyotenganishwa na kilomita 317. Msafiri ameruka zaidi ya mara tatu ya umbali wake. Dakika 55 zimekuwa saa mbili na dakika ishirini za angani. Ongeza saa za kusubiri ndege ya pili, na saa mbili au tatu za kuwahi uwanjani kabla ya safari ya kwanza. Aliyetoka hotelini Kariakoo alfajiri anaweza kuingia Mombasa jua likizama.

Haikuwa hivi siku zote. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, East African Airways, lililoanza mwaka 1946, liliwahi kuiunganisha Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam kwa safari za pwani. Shirika hilo lilikufa mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya ya kwanza ilipovunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Kwa miaka hiyo sita, umbali wa Dar na Mombasa kwenye ramani haukuongezeka hata kwa mita moja, lakini kwa mfanyabiashara wa kawaida njia ilikuwa imezibwa.

Barabara ya pwani

Kwa barabara, Dar hadi Mombasa ni takriban kilomita 520. Gari haliwezi kufuata ufuo. Linapanda kwanza hadi Chalinze, linaelekea Segera, ndipo linashuka Tanga na kufika mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Upande wa Kenya linapita Ukunda hadi Likoni, ambako basi huingia kwenye kivuko, au hukata kwa barabara ya Dongo Kundu inayokwepa kivuko hicho.

Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa, hizo ni saa tisa kasoro za kutembea, bila kuhesabu mpaka. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha huduma kwa pamoja, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa mahali pamoja na msafiri hukaguliwa upande anaoingia tu.

Njia hii itafupishwa na barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga, yenye urefu wa kilomita 256, ambayo Tanzania inaijenga kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na daraja la Mto Pangani. Ikikamilika, gari halitalazimika kuzunguka Chalinze na Segera.

Kwa sasa hesabu ni hii: anayepitia Nairobi kwa ndege na anayepanda basi alfajiri wanaweza kufika Mombasa jioni hiyo hiyo. Tofauti ni kiasi kilichobaki mfukoni.

Kwa nini njia fupi ni ghali

Wasafiri wengi hudhani kuwa nauli hufuata kilomita. Sehemu kubwa ya gharama za ndege haijali umbali. Ada za uwanja, za usalama, za kutua na za kuhudumia ndege hulipwa iwe imeruka dakika 55 au saa tatu. Mafuta mengi huchomwa wakati wa kupaa. Kwa hiyo kilomita moja ya safari fupi huwa ghali kuliko kilomita moja ya safari ndefu.

Jambo la pili ni mpaka. Dar hadi Mwanza ni takriban kilomita 850, lakini ni safari ya ndani, yenye tozo za ndani. Dar hadi Mombasa ni 317 na ni safari ya kimataifa, yenye tozo za kimataifa pande zote mbili, sawa na anayekwenda bara jingine.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Kigoma. Dar hadi Kigoma kwa ndege ni takriban kilomita 1,079. Dar hadi Bujumbura ni 1,164. Zinapishana kwa kilomita 85 tu, lakini ya kwanza ni ya ndani na ya pili ni ya kimataifa. Ndiyo maana wapo wanaotafakari kupanda ndege ya ndani hadi Kigoma kisha kumalizia kwa gari kupitia Manyovu na Mugina, kando ya Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura. Anayechagua njia hiyo aongeze nauli ya gari, muda wa mpakani na uwezekano wa kulala Kigoma kabla ya kusema ameokoa fedha.

Kwa Burundi kuna mzigo wa ziada. Bei ya tiketi za kimataifa huhesabiwa kwa dola, na dola imekuwa adimu nchini kwa miaka kadhaa. Anayelipwa kwa faranga hupanga safari kwa kutazama kwanza bei ya dola, kisha kalenda ya ndege.

Anga inapofungwa kwa barua

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unazitaka nchi wanachama zishirikiane katika usafiri wa anga, na Jumuiya ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe. Kwa upana wa bara, mawaziri wa Afrika walikubaliana Yamoussoukro mwaka 1999 kufungua anga, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ulizindua soko moja la usafiri wa anga, likianza na nchi 23.

Pamoja na hayo yote, haki ya kutua bado inategemea makubaliano ya nchi na nchi. Agosti 2020, wakati wa korona, Tanzania ilizuia safari za Kenya Airways na mashirika mengine ya Kenya baada ya Kenya kuiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawakuhitaji karantini. Zuio liliondolewa Septemba mwaka huo.

Januari 2024 yakatokea mengine. Kenya ilikuwa haijairuhusu Air Tanzania, iliyopokea ndege ya mizigo aina ya Boeing 767 mwaka 2023, kubeba shehena kati ya Nairobi na nchi za tatu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ikatangaza kufuta kibali cha Kenya Airways cha kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar kuanzia Januari 22. Serikali mbili zilizungumza, na suala likamalizwa kabla ya tarehe hiyo kufika.

Mgogoro uliisha haraka, lakini ulionyesha udhaifu wa msafiri wa Bujumbura anayetegemea kuunganisha Nairobi. Barua moja kati ya miji miwili ambayo si yake ingetosha kuharibu safari yake.

Ardhini: kilomita 400 za tofauti

Turudi kwenye mzigo, kwa kuwa kontena halipandi ndege. Dar es Salaam hadi Bujumbura kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na mpaka wa Kabanga na Kobero, ni takriban kilomita 1,600, na mpaka wa kuvuka ni mmoja. Mombasa hadi Bujumbura kwa Ushoroba wa Kaskazini, kupitia Nairobi, Malaba, Kampala, Katuna, Kigali na Kanyaru, ni karibu kilomita 2,000, na mipaka ni mitatu.

Miji iliyolingana angani imepishana kwa kilomita 400 ardhini. Sababu ni jiografia na historia. Kati ya Mombasa na Bujumbura kuna Ziwa Victoria na mbuga za Serengeti, na barabara kuu ya Kenya ilifuata reli iliyojengwa kuelekea Uganda, si kuelekea kwetu. Upande wa Dar, reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana kuwa shehena za Kongo na Ruanda-Urundi zipite Dar na Kigoma bila ushuru, katika maeneo maalumu ya bandari. Usumbura ya wakati ule, Bujumbura ya leo, ilielekezwa Dar karne moja iliyopita.

Mipaka mitatu pia ina hatari mara tatu. Kuanzia Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022 mpaka wa Katuna kati ya Uganda na Rwanda ulikuwa umefungwa kwa sehemu kubwa ya muda. Januari 2024 Burundi nayo ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na njia ya Kanyaru ikakatika. Mwenye mzigo Mombasa akalazimika kutafuta njia ya kuingilia Tanzania: kupitia Mutukula kutoka Uganda, au kupitia Voi, Taveta na Holili hadi Arusha na Singida. Njia ya Taveta ina lami na inaondoa mzunguko wa Kampala, lakini mwishowe nayo huingia Kobero, mlango ule ule wa malori ya Dar.

Kwa wanaofikiria miaka ijayo, Tanzania na Burundi zimeanza kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza kuja Musongati, na jiwe la msingi upande wa Burundi liliwekwa Agosti 2025. Lengo ni kuendelea hadi Gitega. Treni za kisasa za abiria kutoka Dar zilianza kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Upande wa Kenya, reli ya Mombasa hadi Nairobi inafanya kazi tangu 2017, lakini haijavuka mpaka wa Uganda.

Je, ni lazima usafiri?

Swali hili lingepaswa kuulizwa kabla ya kununua tiketi. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza kutumika mwaka 2014, kodi hutangazwa na kulipwa nchini mwa mwenye mzigo kabla kontena halijatoka bandarini. Kwa mzigo wa Burundi, mengi yanaweza kuanzia kwenye ofisi za mapato hapa hapa. Wakala mwaminifu mwenye nyaraka kamili mara nyingi huokoa safari nzima.

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka soko la Ruvumera, Buyenzi. Kontena lake limekwama Dar kwa sababu ankara na orodha ya bidhaa havilingani. Akiwa na wakala anayemwamini, marekebisho hutumwa kwa barua pepe. Asipokuwa naye, ndege ya saa mbili ina maana, kwa kuwa basi litamchukua karibu saa 27 za kutembea tu, na kila siku ya kuhifadhi ina bei yake. Kipimo ni kimoja: je, siku ninazookoa zina thamani kuliko tofauti ya nauli? Kwa kontena zima, mara nyingi jibu ni ndiyo. Kwa marobota mawili ya mitumba, mara nyingi ni hapana.

Anayelazimika kufika bandari zote mbili kwa safari moja asirudi nyuma. Aruke Bujumbura hadi Dar, apande basi la pwani hadi Mombasa, achukue treni hadi Nairobi, ambayo huchukua kama saa tano au sita, kisha aruke nyumbani kutoka Nairobi. Ni mzunguko mmoja usiorudia njia.

Mambo ya kukagua kabla ya kuondoka

*Saa.* Burundi iko nyuma ya Tanzania na Kenya kwa saa moja. Ukiondoka Bujumbura saa nne asubuhi kwa safari ya saa mbili, Dar utafika saa saba mchana kwa saa za huko. Ukirudi, utaondoka saa nane mchana na kutua Bujumbura saa tisa. Ofisi za bandarini hufungwa kwa saa zao, si zako, na hapo ndipo wengi hupoteza Ijumaa na kulala hadi Jumatatu.

*Siku za ndege.* Si kila njia ina ndege kila siku. Uliza siku ya kwenda na ya kurudi kabla ya kumpa mtu miadi.

*Kadi ya njano.* Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa kwa wanaotoka Burundi. Chanjo huhitaji siku kumi kabla ya kutambuliwa, kwa hiyo usiisubiri wiki ya safari.

*Mzigo.* Kilo 23 kwa begi ni kipimo cha kawaida cha ndege, na kilo za ziada hulipiwa. Sampuli za bidhaa zipimwe nyumbani.

*Tiketi ya kuunganisha.* Nunua safari yote kwa tiketi moja. Ukinunua vipande viwili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haitakuwa na wajibu wa kukusubiri.

KWA UFUPI
(umbali wa ndege ni makadirio ya uwanja hadi uwanja)

Dar hadi Mombasa, moja kwa moja: km 317, dakika 55
Dar hadi Mombasa kupitia Nairobi: km 1,087, saa 2 na dakika 20 angani, bila kusubiri
Dar hadi Mombasa kwa barabara: takriban km 520
Bujumbura hadi Dar kwa ndege: km 1,164, karibu saa 2
Bujumbura hadi Mombasa kupitia Nairobi: km 1,297
Bujumbura hadi Dar kwa barabara: takriban km 1,600, mpaka 1
Bujumbura hadi Mombasa kupitia Kampala na Kigali: karibu km 2,000, mipaka 3